Faili ni lako, ila kuhariri ni huduma

Maneno ya kichwa hicho si yangu. Niliandikiwa na mhudumu wa kampuni moja ya programu ambayo nimekuwa nikiilipa kila mwezi kwa miaka, na jina lake silitaji kwa sababu sitaki kuitangaza hata kwa kuitukana. "Faili ni lako, ila kuhariri ni huduma." Ndivyo alivyoandika, na kikatuni cha tabasamu mwishoni.

Kisa chenyewe ni kidogo mno. Benki ilinibadilishia kadi, makato ya mwezi yakagoma, na programu yangu ya kuandikia ikajifunga. Ingezimika kabisa ingekuwa afadhali. Ilifunguka vizuri tu, ikanionyesha ripoti niliyokuwa naihariri, kurasa zote, halafu ikapiga ukanda mwekundu juu: kusoma tu. Kwenye ukurasa wa kwanza jina la mwenye ripoti lilikuwa limekosewa na aliyelichapa. Herufi moja! Naiona palepale, naweka kishale juu yake, nabonyeza, kimya. Vitufe vyote vimefifia, isipokuwa kimoja kilichong'aa kuliko siku zote: Lipa sasa.

Mtasema si ungelipa tu. Ningelipa! Ukurasa wao wa malipo uliikataa kadi mpya ukisema taarifa zake hazilingani na zilizo kwenye akaunti. Na taarifa za kwenye akaunti hazibadiliki mpaka deni liwe limelipwa. Lisome tena polepole hilo, mimi lilinichukua muda kuamini kuwa kuna mtu mzima alikaa akalipitisha.

Ndipo nikaingia kuchati na huduma kwa wateja. Kwanza roboti, ambayo ilinipa makala ya jinsi ya kubadilisha rangi ya mandhari. Kisha akaja mtu, akanishukuru kwa subira ambayo sikuwa nayo. Nikamweleza kwa adabu kabisa: ndugu yangu, sihitaji kitu chochote kipya kutoka kwenu, nataka kurekebisha herufi moja katika maandishi yaliyomo ndani ya kompyuta yangu mwenyewe, mambo ya kadi tutamalizana baadaye. Jibu likawa lile. Halafu akauliza kama kuna jambo jingine angeweza kunisaidia, kana kwamba kuna la kwanza.

Nimelitafuna jibu lile kupita kiasi, na linaloniuma zaidi ni kwamba hakudanganya. Ndivyo mambo yalivyo siku hizi. Zamani ulinunua programu mara moja, ukabaki na toleo lako hilo hata likizeeka. Mwaka 2013 Adobe walitangaza kwamba matoleo mapya ya programu zao za picha na usanifu yatapatikana kwa kulipia kipindi kwa kipindi tu, na baada ya hapo karibu kila mwenye kitu cha kuuza akagundua kwamba kukodisha kuna raha yake. Ni kama fundi cherehani akushonee suti halafu abaki na vifungo.

Nikaipakua LibreOffice, programu ya bure ya kazi za ofisi, kwa hasira. Sikulinganisha chochote, sikusoma maoni ya mtu. Ikasakinika, ikafungua ripoti, nikarekebisha herufi, nikatoa PDF, nikatuma. Haikuniomba barua pepe wala kadi, wala haikutaka kujua mimi ni nani. Jambo lililokuwa limeniharibia asubuhi nzima lilikwisha kabla sijakaa vizuri kwenye kiti.

Basi kwa siku kadhaa nilikuwa mtu wa kuudhi. Kila niliyekutana naye nilimwambia ahame leoleo. Na sababu nilikuwa nazo, msidhani ni hasira tupu. Ndani ya Writer, sehemu ya LibreOffice ya kuandikia, kuna kidirisha kinachoitwa Navigator, unabonyeza F5 kinatokea, na vichwa vyote vya ripoti vinajipanga humo; ukikikamata kichwa cha sura na kukisogeza juu, sura nzima inahama nacho, na aya zake na majedwali yake. Mimi kazi yangu ni kuhariri ripoti ndefu za watu wanaoandika hitimisho katikati, kwa hiyo nilikaribia kulia. Tena kuna namna ya kutoa PDF iliyobeba ndani yake faili lenyewe la asili: anayesoma anaona PDF ya kawaida, wewe ukiirudisha kwenye LibreOffice unaihariri. Halafu nikaanza kufukua folda za zamani. Mafaili ya WordPerfect na ya Microsoft Works, programu za enzi zile, ambayo nilishayaweka kwenye hesabu ya marehemu, yalifunguka. Mengine yakiwa yamepinda kidogo, lakini maneno yote yapo.

Na kitu kimoja nilichojifunza wakati huo kiliniongezea hasira badala ya kuipunguza. Faili la docx, lile la Microsoft Word, na lile la odt la LibreOffice, yote mawili kwa ndani ni zipu, yaani kifurushi cha mafaili yaliyobanwa pamoja. Tengeneza nakala, badilisha mwisho wa jina liwe zip, lifungue: utakuta folda na mafaili ya XML, yaani maandishi matupu yenye alama za mpangilio, na katika lile la odt maandishi yako yamekaa ndani ya faili liitwalo content.xml, yanasomeka hata kwa programu duni kabisa ya kuandikia maandishi matupu. Muundo huo wa odt ulipitishwa na ISO, shirika la kimataifa la viwango, kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2006. (Wa docx nao ulipitishwa mwaka 2008, msinirukie.) Maana yake ile herufi yangu moja haikuwa imefungiwa popote. Ilikuwa palepale kwenye diski yangu, na ule ukanda mwekundu ulikuwa mlinzi aliyewekwa mlangoni asiye na hata ukuta wa kulinda. Huduma, eti.

Historia ya hii LibreOffice nayo inanoga kwa mtu mwenye kisirani kama changu. Chimbuko lake ni StarOffice ya Ujerumani. Kampuni ya Sun Microsystems wakainunua mwaka 1999, mwaka uliofuata wakaachia msimbo wake, yaani maandishi ambayo programu imejengwa kwayo, hadharani kwa jina la OpenOffice.org. Mwaka 2010 kampuni ya Oracle wakawanunua Sun. Wengi wa waliokuwa wakiijenga hawakumwamini bwana mpya, na Septemba ya mwaka huohuo wakachukua msimbo wakaondoka nao, wakaunda The Document Foundation na kuiita kazi yao LibreOffice. Waliondoka nao! Leseni iliwaruhusu, hakuna aliyewaambia kwamba msimbo ni wenu ila kuuhariri ni huduma. Tahadhari hapa: jina la OpenOffice bado lipo, sasa chini ya taasisi ya Apache, na watu wengi huipakua hiyo kwa mazoea. Toleo lake la 4.1 lilitoka mwaka 2014, na tangu hapo ni viraka juu ya viraka. Wakikuambia "hizi za bure ni za kizamani", waulize kwanza walipakua ipi.

Hadi hapo nilikuwa nimeshaamua kuipa nyota tano. Sasa ngojeni.

Mteja mmoja alinitumia docx yenye majedwali mengi. Nikaifanyia kazi kwenye LibreOffice, kwangu ikaonekana safi, nikamrudishia docx kama alivyotaka. Akanipigia simu. "Samahani, hii kazi umeifanyia kwenye simu?" Kwake jedwali lilikuwa limemwagikia ukurasa wa pili, vichwa vimebaki peke yao chini ya kurasa, na namba za kwenye orodha ya yaliyomo zinaelekeza kusikokuwepo kitu. Nilitamani sakafu inimeze.

Nikachimba mpaka nikaelewa. Asilimia kubwa ya balaa hili ni fonti, yaani maumbo ya herufi. Programu haihifadhi picha ya ukurasa. Inahifadhi maneno na maagizo, kisha kila kompyuta inaupanga ukurasa upya kwa fonti ilizonazo. Fonti ikikosekana, inawekwa nyingine badala yake. Upana wa herufi ukitofautiana kiduchu tu, mstari unavunjika mahali pengine, aya inaongezeka mstari, na kufika katikati ya ripoti kila kitu kimeteleza. Kwa Calibri na Cambria, fonti za Microsoft, wameliona hilo: LibreOffice huja na Carlito na Caladea, ambazo herufi zake zimepewa upana uleule, kwa hiyo mistari haichezi. Lakini fonti ya mteja wangu ilikuwa ya kampuni yake mwenyewe. Dawa ni kumwomba fonti, au kukubaliana mtumie fonti ambayo wote mnayo, au kutuma PDF pale ambapo hatahariri. Hizo dawa zote zinakudai umweleze mteja mambo ya fonti, na mteja hataki kusikia mambo ya fonti. Anataka jedwali lake.

Nikamlalamikia jamaa mmoja ninayemfahamu, mlokole wa programu huria. Akaniambia bila hata kupepesa: "Tatizo si LibreOffice. Tatizo ni wewe kukubali kupokea docx." Kwa muda nilimchukia kuliko yule wa tabasamu. Yule angalau alitaka hela zangu, huyu anataka nitubu. Mteja ndiye anayenilisha, nimwambie abadilishe muundo wa mafaili ya ofisi nzima kwa sababu mimi niligombana na kampuni yangu?

Kwa hiyo nilipunguza: nyota tatu. Na nilipojaribu kuhariri faili moja pamoja na mwenzangu kwa wakati mmoja, kila mtu akiwa kwenye mashine yake, zikaelekea mbili, kwa sababu LibreOffice ya kusakinisha kwenye kompyuta haina hilo. Kuna Collabora Online iliyojengwa juu yake, lakini hiyo inataka seva, na mtu wa kuitunza hiyo seva. Lahajedwali lenye makro, yaani vijiprogramu vya kujiendesha, zilizoandikwa kwa ajili ya Excel nalo ni bahati nasibu: nyingine zinafanya kazi, nyingine zinakutolea macho.

Na tusijifanye hatuijui GIMP, ile ya bure ya kuhariri picha. Naiheshimu, ipo tangu miaka ya tisini, ilianzishwa na wanafunzi wawili pale Berkeley, na toleo la 3.0 lililotoka 2025 hatimaye linakuwezesha kuweka kichujio juu ya picha na kukibadilisha baadaye bila kuiharibu picha yenyewe. Hatimaye! Lakini nani aliamua kwamba ukifungua JPEG, ukaipunguza ukubwa, ukabonyeza kuhifadhi, ikuhifadhie XCF, muundo wake yenyewe? Hiyo JPEG yako unaitafuta kwenye amri nyingine, ya kusafirisha. Wamelikazania hilo tangu 2012, na wana hoja yao kwamba XCF inatunza matabaka yote ya picha. Hoja nzuri. Mimi nataka picha ndogo ya kubandika kwenye ripoti, jamani.

Nyingine nazipita haraka kwa sababu hazijanipa la kusema, na kwa programu hiyo ni sifa. VLC inacheza kila video na muziki. 7-Zip inafungua kila kifurushi cha zipu na ndugu zake. KeePassXC inatunza maneno ya siri kwenye faili lililo mkononi mwangu, siyo kwenye akaunti ya mtu. Inkscape, ya kuchora michoro, ni nzuri kuliko inavyoonekana.

Nilikuwa nimefika hapo, nusu ya moyo ikitaka kurudi kwenye kulipia, na nisiseme uongo, kadi nilikuwa nimeishaitoa. Ndipo ikaingia barua pepe kutoka kwa wale wenyewe. Tumekukumbuka. Rudi kwa punguzo maalumu, mafaili yako yanakusubiri. Mafaili yangu yananisubiri! Yamekaa kwenye diski yangu, yananisubiri kwao?

Basi msimamo wangu kwa sasa, na unaweza kubadilika mteja mwingine akinipigia simu. Kama kazi yako ni yako, unaandika mwenyewe na kutoa PDF mwenyewe, hamia LibreOffice, nyota tano, usinisikilize manung'uniko. Kama unabadilishana docx na watu wenye fonti zao na makro zao, usiiondoe ile ya kulipia hata kama unaichukia. Weka zote mbili, na asili ya kila kitu uihifadhi kwa odt. Mimi nimeiondoa. Sisemi ni busara. Yule mteja wa majedwali amenitumia fonti yake baada ya kumbembeleza, na ripoti ya mwisho ilifika kwake bila jedwali kumwagika, ingawa namba za yaliyomo nililazimika kuzisasisha upya kwa mkono kabla ya kutuma, na yeye akazisasisha tena kwake. LibreOffice nyota nne. GIMP tatu, mpaka mtakaponihifadhia JPEG yangu.