Sanduku la volkano na tetemeko: nunua kwa ajili ya springi

Sanduku hili la majaribio, linalouzwa madukani mjini Mombasa pamoja na vifaa vya shule, lina kalibu ya mlima, plasta ya unga, bikaboneti (baking soda), springi ndefu na kijitabu. Jaladani kumechorwa mlima unaolipuka, ila kinachomfundisha mtoto hasa ni ile springi.

Plasta ndiyo huwaharibia wengi. Unyevu wa pwani hupenya pakiti, ikaanza kuganda ikiwa bado dukani. Ibonyeze kabla ya kulipa. Ukihisi mabonge, iache. Nyumbani tangulia na maji kikombe 1, kisha nyunyizia plasta vikombe 2. Itashika kwa nusu saa hivi, lakini rangi ingoje hadi kesho yake, la sivyo itabambuka. Mtoto asizamishe mkono ndani, kwani ikiganda hutoa joto la kuunguza. Mabaki nayo yataziba sinki.

Kwenye mlipuko, vijiko 2 vya chai vya bikaboneti vyataka siki mililita 140 hivi. Kijitabu kinasema 50, ndiyo maana unga hubaki chini bila kufoka. Beking pauda haifui dafu, imechanganywa na wanga. Na mtoto aelezwe wazi: povu hili ni baridi, ilhali lava ya Nyiragongo, volkano ya Kongo, iliyofika viunga vya mji wa Goma Mei 2021 ni mwamba ulioyeyuka. Kinachofanana ni gesi inayosukuma juu, basi.

Kijitabu kinadai pia kwamba Kilimanjaro imekufa. Si kweli: kati ya vilele vyake vitatu, Shira na Mawenzi vimekufa, Kibo kimelala. Mifano mingine ni ya Italia na Japani tu, na lava ya Shetani iko hapo Tsavo Magharibi!

Sasa springi. Inyooshe mita 3 sakafuni. Isukume na kuivuta kwa urefu wake: hilo ni wimbi la kwanza la tetemeko, hupita mwambani kilomita 6 hivi kwa sekunde. Itikise kando: ni la pili, kilomita 3.5 hivi. Tetemeko la 12 Agosti 2020, lililoanzia baharini pwani ya Tanzania na kusikika hadi Mombasa, lilikuja na mawimbi hayo mawili yakifuatana. Kila sekunde 1 baina yao ni takriban kilomita 8 kutoka chanzo. Mtoto wa Gredi ya 6 atazidisha mwenyewe.

Springi ni ya chuma, na hewa ya chumvi huiotesha kutu. Ipake mafuta ya cherehani kabla ya kuirudisha sandukuni.