Miaka miwili na klabu ya magari ya zamani Nakuru: uzoefu wangu

Wiki iliyopita nimelipa ada yangu ya mwaka wa tatu katika klabu ya magari ya zamani hapa Nakuru. Naandika kwa sababu watu kadhaa wameniuliza kama inamfaa mtu asiye na pesa nyingi wala ujuzi wa umekanika. Mimi ni mwalimu wa sekondari Njoro. Nilipojiunga sikuwa na hata kimoja kati ya hivyo viwili.

Nilichokuwa nacho ni MGB ya mwaka 1965, gari dogo la michezo la Kiingereza, ile ya viti viwili yenye paa la turubai, injini ya sisi 1798. Marehemu baba aliinunua kwa mkulima aliyekuwa akiuza shamba na kuhama, akatupeleka nayo kanisani miaka yote ya utoto wetu, mmoja mmoja kwa zamu. Alipofariki ilikuwa imelala bandani muda mrefu, kutu imekula kingo za chini ya milango hadi ukipitisha kidole kinatokea upande wa pili.

Kabla ya kuijua klabu niliipeleka gereji moja mjini. MGB za miaka ile, hadi 1967, zina betri mbili za volti 6 nyuma ya viti, na upande wa chanya ndio unaofungwa kwenye bodi, kinyume cha magari tuliyozoea. Fundi hakuuliza. Akafunga kama anavyofunga Probox. Dinamo, inayochaji betri, ikaacha kuchaji, regyuleta inayodhibiti umeme wake ikaungua, na bili nikapewa mimi. Nililia njia nzima kurudi Njoro. Pesa iliniuma, lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba gari la baba lilikuwa limeharibiwa mikononi mwangu.

Wanaklabu hukutana Jumamosi ya pili ya kila mwezi katika godauni moja Industrial Area. Siku yangu ya kwanza mzee mmoja, aliyetumia maisha yake akitengeneza matrekta ya mashamba ya Rongai, aliinama nyuma ya viti, akanyamaza, kisha akauliza, "Mwalimu, nani amegeuza betri hizi?" Akazirudisha zilivyotakiwa kuwa. Akachomoa nyaya za dinamo, akachukua waya kutoka kwenye betri na kugusisha mara moja tu kwenye ncha yenye herufi F. Cheche ikaruka. "Sasa imekumbuka upande wake," akasema, yaani upi chanya na upi hasi. Regyuleta ilitoka kwenye kabati la klabu, kutoka gari lililokufa kitambo. Sikulipa chochote siku ile.

Hapo ndipo thamani ya klabu ilipo, na ndiyo sababu naipenda. Hawakufanyii kazi, wanakusimamia ukiifanya. Kabureta, zinazochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini, ndizo zilizonichukua muda mrefu zaidi. MGB ina mbili, aina ya SU, na lazima zivute hewa sawasawa. Mzee alinipa kipande cha mpira wa maji, mwisho mmoja sikioni, mwingine kwenye mdomo wa kabureta, akaniambia nisikilize mvumo. Ya mbele ilivuma kwa sauti nene, ya nyuma ilipiga mluzi mwembamba. Nilikaza na kulegeza skrubu asubuhi nzima hadi sauti zikafanana. Kisha ukaja mchanganyiko: unainua pistoni ya kabureta kidogo mno, chini ya milimita moja. Injini ikipanda kasi na kubaki juu, petroli imezidi. Ikitaka kuzima, hewa imezidi. Inayotakiwa ipande kidogo halafu itulie. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo gari lililopimwa pwani hapa litatoa moshi mweusi na kula petroli bure. Ilibidi tupandishe jeti, mrija mdogo unaopitisha petroli ndani ya kabureta, ili petroli ipungue.

Somo hilo lilinirudia tulipokwenda Kisumu mwezi wa nane, magari saba. Tulipanda Mau Summit kwa taratibu, tukasimama Kericho kunywa chai. Hapo mzee alitusimulia habari za Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, aliyeshinda mbio za magari za Safari Rally mwaka 1965 kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, kisha tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Mwaka wa gari langu! Niliitazama MGB pale kwenye nyasi kwa macho mengine kabisa. Baada ya Awasi, joto limepanda na tumeshuka hadi karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, injini ikaanza kukohoa. Nilielewa kabla sijaambiwa: hewa ya huku ni nzito kuliko ya kwetu, na mchanganyiko wangu wa Nakuru umekuwa mwembamba, yaani petroli haitoshi. Nilisimama kando ya barabara Ahero, nikashusha nati ya jeti kwa kuizungusha upande mmoja tu kati ya pande zake sita kwenye kila kabureta, tukaingia Kisumu bila kukohoa tena. Nilifanya mwenyewe, mikono yangu ikinuka petroli.

Lalamiko langu ni la spea. Klabu huagiza kwa pamoja kutoka Uingereza, ambako British Motor Heritage bado wanaunda paneli na hata bodi nzima za MGB, jambo linalolifanya gari hili kuwa rahisi kutunza kuliko mengi ya umri wake. Lakini kingo zangu za milango zilichukua miezi saba, na kwa miezi minne hakuna aliyejibu ujumbe wangu. Kamati ina watu wema walio na kazi nyingine. Hata hivyo, mtu akitoa pesa zake anastahili kujua mzigo umefika wapi. Nimewaambia hivyo mkutanoni, na sasa kuna mama mmoja anayeshughulikia maagizo peke yake. Mzigo wa pili ulifika kwa wiki tisa.

Ada ni shilingi 6,000 kwa mwaka, vifaa unaazima bure ukisaini daftari. Huhitaji gari linalotembea. Wenzetu wawili walijiunga na fremu tu. Njoo na ovaroli yako, ufike saa tatu asubuhi, kwa sababu mzee huondoka saa saba kwenda kulisha ng'ombe wake.