Kompyuta ya gemu iliyounganishwa tayari: vifaa vizuri, kadi haionekani

Wateja wengi wa Arusha na Moshi wanaotaka kompyuta ya gemu huiagiza Dar. Inaunganishwa Kariakoo, inarudishwa kwenye boksi la keisi yake, inapakiwa kwenye basi na kufika ikiwa na Windows tayari. Hii tunayoipitia ina prosesa ya Core i5-12400, mazabodi ya B660, ram ya GB 16, SSD ya M.2 na kadi ya grafiki ya RTX 3060 yenye GB 12. Kwa gemu za 1080p, au kwa anayehariri video za harusi na za safari za mbugani, vifaa hivi vimepangwa na mtu anayejua kazi. Tatizo linakuja ukiiwasha: ukifungua Device Manager, sehemu ya Display adapters, unaikuta Intel UHD Graphics 730, yaani grafiki za ndani ya prosesa, peke yake. RTX haipo.

Tofautisha kwanza mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Ikiwa RTX imo kwenye orodha ila gemu inakwamakwama, tazama nyuma ya keisi. Tundu la HDMI lililo juu, jirani na matundu ya USB, ni la mazabodi. Matundu ya kadi yapo chini zaidi, yamepangwa kwa mlalo. Hamishia kebo ya monita huko chini na kazi imekwisha. Ikiwa RTX haimo kabisa, kebo ya monita haina kosa, na itabidi keisi ifunguliwe.

Hapa muuzaji anastahili pongezi: ameweka i5-12400, siyo i5-12400F. Ile yenye F haina grafiki za ndani, kwa hiyo kadi ikipotea unabaki na skrini nyeusi, na kupima chochote kunahitaji kuazima kadi nyingine. Kwenye hii unaendelea kuona picha huku unatafuta ugonjwa.

Ugonjwa wenyewe mara nyingi ni wa njiani. RTX 3060 yenye feni mbili au tatu imeshikwa na skrubu upande wa nyuma tu. Ncha ya pili inaning'inia. Isafirishe hivyo kutoka Dar, matuta ya Chalinze hadi Same yote, na boksi pengine limelazwa kwenye buti chini ya magunia. Ukitazama kwa haraka utaapa imekaa sawa, kumbe ncha moja imenyanyuka milimita moja kutoka kwenye sloti, na hiyo inatosha kabisa. Muuzaji hakuweka sponji ndani ya keisi wala kitegemeo cha kadi. Kwa mashine ya bei hii, huo ni uzembe.

Kuirudisha ni hivi. Zima, zima pia swichi ya pawa saplai iliyo nyuma, chomoa waya wa umeme, halafu bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe. Laza keisi ubavu ili mazabodi iwe imelala. Kioo cha pembeni kiweke juu ya godoro. Kwenye sakafu ya vigae kikigusa kwa kona kinasambaratika. Gusa chuma cha keisi kabla ya kugusa kadi. Chomoa waya wa umeme wa kadi, fungua skrubu za nyuma, bonyeza kilachi kidogo cha plastiki kilicho mwisho wa sloti, kisha ivute kadi wima bila kuipindapinda. Meno ya dhahabu yakiwa na vumbi au alama za vidole, yafute kwa spiriti ya isopropili na kitambaa kisichoacha nyuzi. Sanitaiza ya mikono usiitumie, nyingi zina gliserini. Rudisha kadi kwa kukandamiza ncha zote mbili mpaka kilachi kilie "ta". Kisipolia, haijaingia.

Kisha umeme. RTX 3060 inakula wati 170, na sloti inatoa 75 tu. Nyingine zinatoka kwenye waya wa pini 8, ambao hubeba hadi wati 150. Waya huo mara nyingi umegawanyika 6+2, na kile kipande cha pini 2 ndicho hubaki nje wakati fundi ana haraka. Uangalie kwa tochi ya simu. Waya wa prosesa nao una pini 8 lakini umegawanyika 4+4, na mpangilio wake wa umeme ni kinyume. Ukiona unahitaji nguvu kuingia kwenye kadi, acha mara moja. Usiazime pia waya wa pawa saplai ya kampuni nyingine hata kama unaingia vizuri, maana upande wa pawa saplai kila kampuni hupanga pini zake.

Pawa saplai ya mashine hii imeandikwa wati 500 na haina jina la maana, wakati NVIDIA wanapendekeza 550. Tungeibadilisha. Lakini fundi akisema kadi haionekani kwa sababu ya hizo wati 50, mkatalie: pawa saplai dhaifu huzima kompyuta gemu ikikolea, haiifichi kadi kwenye orodha.

Bado haionekani? Wauzaji wana jibu moja la simu: "Piga Windows upya." Usikubali kabla ya kupima. Weka Ubuntu (mfumo endeshi wa bure) kwenye flashi, iwashe bila kuisakinisha, fungua terminal na uandike lspci, amri inayoorodhesha vifaa ambavyo mazabodi inaviona. NVIDIA ikitokea kwenye majibu, kadi ni nzima na lawama ni ya Windows: pakua draiva kwenye tovuti ya NVIDIA (faili linazidi MB 500, tafuta Wi-Fi), kata intaneti, ingia Safe Mode, safisha draiva za zamani kwa DDU (programu ya kuondoa draiva za grafiki), kisha sakinisha mpya. Intaneti inakatwa kwa sababu Windows Update hupenda kujipachikia draiva yake katikati ya kazi. Kadi ikionekana lakini na Code 43 (Windows imeisimamisha kwa hitilafu) hata baada ya kusafisha hivyo, shuku kadi yenyewe.

lspci nayo isipoiona, Windows mpya haitaiona pia. Ingia BIOS (mipangilio ya mazabodi, kabla Windows haijawaka), rudisha mipangilio ya kiwandani. Isiposaidia, toa betri ya CR2032, ile ya duara iliyo kwenye mazabodi, kwa dakika chache, umeme ukiwa umechomolewa. Kama keisi imesimamisha kadi wima kwa kebo ya nyongeza, weka kasi ya sloti kuwa Gen3 (kizazi cha tatu cha PCIe, polepole kuliko Gen4), kwa kuwa kebo nyingi za bei rahisi hazihimili Gen4. Jaribio la mwisho la nyumbani ni kuhamishia kadi kwenye sloti ndefu ya pili, ikiwa mazabodi inayo. Ikionekana huko na kukataa ya kwanza, tazama upande wa prosesa: sloti ya kwanza inaunganishwa moja kwa moja na prosesa, na pini moja iliyopinda kwenye soketi ya prosesa (LGA1700) inaweza kuikata. Hapo usiguse kitu, irudishe.

Kurudisha ndiko kunakoshusha alama za huduma hii. Stika ya dhamana imebandikwa juu ya skrubu ya keisi, yaani mteja wa Moshi anatakiwa kupandisha mashine nzima kwenye basi, matuta yaleyale, kwa kosa la kadi kunyanyuka. Kabla ya kulipa, dai mambo matatu. Kadi isafirishwe peke yake ndani ya mfuko wake wa kuzuia umeme tuli, fundi wa huku aipachike. Ruhusa ya kufungua keisi iandikwe, hata kwa WhatsApp. Na risiti ya EFD iambatane na karatasi yenye namba iliyo kwenye stika ya kadi, ili ikirudi Kariakoo asitokee mtu wa kusema siyo ile aliyokuuzia.