Chai za misafara ya China: ipi ununue kwanza, ipi usubiri

Chai iliyotoka China kwenda Tibet, Mongolia na Urusi kwa karne nyingi ilishindiliwa ikawa matofali na maduara, ili ikae vizuri mgongoni kwa nyumbu, ngamia au mpagazi. Bado inauzwa, mtandaoni na kwenye masoko kama Fangcun, soko kubwa la jumla la chai mjini Guangzhou. Wafanyabiashara wetu wanaokwenda Guangzhou kufuata nguo na vipuri wakipata nusu siku, waende huko. Shida ni kwamba muuzaji hukuuzia hadithi ya msafara kabla hajakuonyesha majani. Nimezipanga kwa ladha, kwa hatari ya kuuziwa bandia, na kwa jinsi zinavyovumilia jiko letu, ambako chai huchemshwa hasa.

1. Pu'er iliyovundikwa (shou)

Kama unanunua moja tu, nunua hii. Pu'er inatoka mkoa wa Yunnan, na tangu 2008 China hairuhusu chai ya mkoa mwingine kuitwa hivyo. Zamani ilitoka ikiwa mbichi, yaani haijavundikwa, ikapanda na nyumbu kupitia Dali na Lijiang hadi Lhasa, mji mkuu wa Tibet, na miezi ya unyevu, joto na baridi ikaigeuza polepole. Mwaka 1973 kiwanda cha chai cha Kunming kilipata njia ya kufupisha safari hiyo: majani yanarundikwa, yanamwagiwa maji, yanafunikwa na kuachwa yajivundike kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo shou haikuwahi kupita mlimani na msafara, lakini ladha inayoitafuta ni ile ya chai iliyosafiri.

Duara la kawaida lina gramu 357, na maduara saba hufungwa pamoja kwa maganda ya mwanzi, kama zamani. Anza na duara moja, au donge dogo la gramu 100 lenye umbo la kibakuli. Banja kipande, mwagia maji yanayochemka, yamwage maji hayo ya kwanza, kisha ndiyo uandae ya kunywa. Inakuja nyeusi, nzito, bila ukali kooni hata ukiisahau kwenye birika. Inapokea maziwa na tangawizi bila kupotea. Harufu ya udongo na mbao ni sawa. Harufu ya samaki inaonyesha haijatulia bado, iache dukani.

2. Fu

Majani ya Anhua, mkoa wa Hunan, yalipelekwa Jingyang, Shaanxi, yakashindiliwa matofali, kisha yakaelekea mikoa ya Gansu, Qinghai na Xinjiang kwa watu waliokula nyama na maziwa kwa wingi. Ndani ya tofali zuri kuna chembe za manjano, ndogo kama ulezi, zimetapakaa kote. Wachina huziita maua ya dhahabu; ni kuvu anayeoteshwa kwa makusudi, na ndiye anayeleta utamu wa chai hii.

Omba tofali livunjwe mbele yako. Chembe ziwe manjano angavu na ziwe hadi katikati. Ukiona manyoya meupe, ya kijani au meusi, huo ni ukungu wa kuharibika. Fu ingekuwa ya kwanza kama si hilo: anayenunua kwa picha hawezi kuvunja tofali.

3. Chai ya moshi ya Tongmu

Inajulikana madukani kama Lapsang Souchong, na asili yake ni kijiji cha Tongmu kwenye milima ya Wuyi, Fujian. Baada ya mkataba wa Kyakhta wa 1727 kati ya China na Urusi, wafanyabiashara wa mkoa wa Shanxi (si Shaanxi) walinunua chai ya Wuyi, wakaipeleka kaskazini hadi Zhangjiakou, na kutoka hapo ngamia wakavuka nayo jangwa la Gobi hadi mpakani mwa Urusi. Reli ya Siberia ilipofunguliwa mwanzoni mwa karne ya 20, biashara ya ngamia ilikwisha.

Utaambiwa harufu ya moshi ilitokana na moto wa kambi za msafara. Si kweli: moshi huu ni wa misonobari inayochomwa wakati wa kukausha majani. Soma pakiti: kama imeandikwa ladha imeongezwa, rudisha. Inywe ya rangi, bila maziwa.

4. Matofali ya Ya'an na Hubei

Hapa historia ndipo ilipo nzito kuliko zote. Mwaka 1074 utawala wa Song, nasaba ya wafalme wa China, ulianzisha ofisi katika mkoa wa Sichuan ya kubadilisha chai kwa farasi wa vita. Karne nyingi baadaye, kati ya miji ya Ya'an na Kangding huko huko Sichuan, wapagazi bado walibeba chai mgongoni. Mwaka 1908 Ernest Wilson, Mwingereza mkusanyaji wa mimea, aliwapiga picha wawili, kila mmoja na mzigo unaozidi kilo 130. Hawakuweza kuutua na kuunyanyua tena, hivyo walisimama wakiuegemeza kwenye fimbo yenye umbo la T.

Matofali haya ni chai ya kuchemsha kwa maziwa na chumvi, au siagi kama Tibet, na bei yake ni nafuu. Lakini hutengenezwa kwa majani yaliyokomaa na vijiti, ambavyo hukusanya floraidi nyingi, madini yanayoharibu meno yakizidi. China imeweka kikomo cha miligramu 300 kwa kilo ya chai. Kama unaishi Arusha, Nakuru au kwingine kwenye Bonde la Ufa, ambako maji yenyewe yana floraidi na meno ya watu yanaonyesha, usiifanye chai ya kila siku.

5. Pu'er mbichi ya miaka mingi

Usinunue bado. Umri ulioandikwa kwenye karatasi hauthibitishiki kwa macho, na bei ya pu'er iliwahi kupanda kupita kiasi na kuanguka mwaka 2007, ikawaumiza wengi walioiweka kama akiba. Jihadhari pia na jina Yiwu: mlima wa chai wa Yiwu uko Yunnan, na hauhusiani na Yiwu ya Zhejiang tunakofuata bidhaa.

Yoyote utakayochagua, iache kwenye karatasi yake, ndani ya chungu au boksi, mbali na karafuu, iliki na sabuni, kwani chai hunyonya harufu. Mombasa, Unguja na Dar, ikague kila mvua za masika zinapoanza, na nunua ya kumaliza kabla ya masika yajayo.