Mafunzo ya Matumizi ya Maktaba Chuoni: Ziara ya Wiki ya Kwanza na Somo la Vitendo

Maktaba ya chuo kikuu kimoja hapa Kampala hutoa mafunzo ya watumiaji kwa namna mbili, nami nimehudhuria zote. Ya kwanza ni ziara ya wanafunzi wapya, na ya pili ni somo la vitendo katika chumba cha kompyuta. Ubora wake unatofautiana mno, na kwa bahati mbaya ile dhaifu ndiyo inayowafikia wengi.

Ziara hufanyika wiki ya kwanza, wakati mwanafunzi bado anahangaikia hosteli, karo na kitambulisho. Kundi kubwa hupitishwa ghorofa kwa ghorofa huku mkutubi akieleza muda wa kuazima, faini na mahali pa kuacha mikoba, na waliosimama nyuma husikia nusu tu. Hakuna anayetafuta kitabu hata kimoja kwa mkono wake. Ndiyo maana majira ya mitihani ukumbi hujaa, ila mezani utaona fotokopi za mihadhara, na vitabu vimebaki rafuni. Nasikitika kuona maktaba iliyogharimu fedha nyingi ikitumika kama chumba chenye viti na umeme tu.

Somo la vitendo ni jambo jingine kabisa. Kila mmoja alitakiwa kuja na mada ya kazi aliyopewa na mhadhiri wake. Mwanafunzi wa Kiswahili aliyeketi karibu nami aliandika “ushairi” katika katalogi ya kompyuta, akapata vitabu vichache tu, vile vyenye neno hilo katika anwani, yaani jina la kitabu. Mkutubi alimweleza kwamba maktaba hiyo hufuata utaratibu wa kupanga vitabu wa Maktaba ya Bunge la Marekani, ambao vichwa vyake vya mada, yaani maneno maalumu ya kueleza kitabu kinahusu nini, ni vya Kiingereza, kwa hiyo atafute kwa kichwa cha mada “Swahili poetry”. Orodha ikarefuka papo hapo, diwani zikiwemo ambazo anwani zake hazitaji ushairi hata kidogo. Kisha akampeleka kwenye rafu zenye namba za utaratibu huo, PL 8701 hadi 8704, ambako vitabu vya lugha na fasihi ya Kiswahili hukaa pamoja.

Alitufunza pia jambo ambalo miongozo ya kawaida hailigusi. Katika mifumo mingi ya utafutaji, alama ya nyota huwekwa mwishoni mwa neno ili kunasa maumbo yake yote, lakini nomino za Kiswahili hubadilika mwanzoni, hivyo anayetafuta “mwandishi” atakosa “waandishi” asipoyaandika yote mawili na kuyaunganisha kwa OR, neno la Kiingereza lenye maana ya “au”. Maelezo haya pekee yalitosha kunifanya niithamini huduma hii.

Sehemu ya majarida ya mtandaoni ilipita upesi mno. Uganda ni miongoni mwa nchi ambazo taasisi zake hupata bila malipo machapisho ya Research4Life, mpango wa kimataifa wa kuzifungulia nchi zenye kipato kidogo majarida ya kitaalamu, ikiwemo Hinari ya afya, iliyoanza mwaka 2002, na AGORA ya kilimo. Mwanafunzi wa uuguzi asiyejua hili hukutana na makala inayodai malipo, akakata tamaa, ilhali chuo chake huenda tayari kina nywila ya kuifungua.

Kasoro kubwa ni kwamba somo hili ni la hiari, hutangazwa kwenye ubao wa maktaba tu, na chumba chake ni kidogo. Asiyeingia maktaba hawezi kuliona tangazo hilo, naye ndiye mwenye kulihitaji zaidi. Ningependa lihamishiwe kwenye juma ambalo kazi za kwanza hutolewa, mhadhiri mwenyewe awalete wanafunzi wake, na ziara ifupishwe iwe ya kuonyesha milango na kanuni tu. Kwa sasa, mwanafunzi yeyote wa chuo hicho aende meza ya maulizo, aombe kuandikishwa katika somo la vitendo, na achukue mada yake halisi, kwa kuwa bila mada atatoka na faida ndogo.