Kernel test robot ya Intel: nyota tano kwa wanaoandika draiva

Kama unaandika draiva za Linux, hii kernel test robot ya Intel, roboti inayojaribu kodi mpya ya kernel (kiini cha Linux), mimi naipa nyota tano bila kusita. Hujisajili popote na hulipi kitu, ukishatuma pachi yako (mabadiliko ya kodi) kwenye orodha ya barua pepe ya kernel, roboti yenyewe inaichukua inaikompaili kwa konfigi kibao (seti za opsheni zilizowashwa au kuzimwa), nyingine zimechanganywa kiholela kwa randconfig, kwa kompaila za gcc na clang, mpaka kwa prosesa ambazo hujawahi kuzishika, na ikikuta onyo inakuletea imeili yenye konfigi ileile, toleo la kompaila na amri za kulirudia kwenye mashine yako.

Utamu wake uko kwenye maonyo ya #ifdef, yaani kodi inayoingizwa tu opsheni fulani ikiwa imewashwa, maana haya ukiwa peke yako huyaoni. Kwako CONFIG_PM_SLEEP (opsheni ya kulaza mashine) imewashwa, fanksheni zako za suspend na resume zinatumika, kimya kabisa. Mwingine akiizima, SIMPLE_DEV_PM_OPS, makro ya kuzisajili fanksheni hizo, haiziweki tena popote, hakuna anayeziita, kompaila inapiga kelele "defined but not used". Na of_match_ptr, makro inayoelekeza kwenye jedwali la vifaa ambavyo draiva inavitambua, hivyohivyo, CONFIG_OF (opsheni ya devicetree, maelezo ya vifaa vya mashine) ikizimwa inageuka NULL na jedwali lako linabaki yatima. Na tangu kernel 5.15 ilete CONFIG_WERROR, inayogeuza maonyo kuwa makosa, mwaka 2021, onyo moja tu linaweza kumgomea mtu bildi nzima.

Ila roboti inakuonyesha ugonjwa tu, dawa utafute mwenyewe, na hapa ndo wengi wanaharibu, wanaongeza #ifdef nyingine. Jamani msifanye hivyo! Kodi iliyofichwa humo kompaila haiisomi kabisa opsheni ikizimwa, inaoza bila mtu kujua. Bora __maybe_unused, alama ya kuiambia kompaila fanksheni inaweza isitumike, na bora zaidi DEFINE_SIMPLE_DEV_PM_OPS pamoja na pm_sleep_ptr() zilizokuja na 5.17 mwaka 2022, kompaila inazikagua fanksheni muda wote halafu yenyewe inazitupa kama hazihitajiki. Kwingine tumia IS_ENABLED(), inayouliza kama opsheni imewashwa, ndani ya if ya kawaida, mradi tu majina unayoyagusa yawe yametangazwa hata opsheni ikiwa imezimwa, la sivyo onyo litageuka kuwa kosa kamili.

Kitu kingine, ukirekebisha kwa pachi ya pembeni weka ile Reported-by (mstari wa kumtaja aliyeripoti tatizo) wanayokuandikia kwenye imeili. Ukiwa unatoa tu toleo jipya la pachi ileile hawaihitaji.