Mtandao umekata baada ya kusasisha: urudi kerneli (kiini cha mfumo) ya zamani au uoanishe draiva na kerneli?

Vijana wa Tanga wanaosimamia Linux ya meinfremu (kompyuta kubwa za mabenki na taasisi) kwa mbali, wakiwa zao Chumbageni au Ngamiani, hubishana sana juu ya hili.

Kurudi nyuma ni haraka: unaichagua kerneli ya zamani kwenye menyu ya zipl (programu inayoandaa kerneli ya kuwashia mashine), kama uliiacha humo, na qeth, draiva ya kadi ya mtandao, inapanda. Ila matundu ya usalama yaliyozibwa yanafunguka tena. Na SSH, mlango wa kuingia kwa mbali kupitia mtandao, imekufa, kwa hiyo njia zote mbili zinataka konsoli, yaani skrini ya mashine yenyewe: ya 3270 au ya HMC, kompyuta ya kusimamia meinfremu. Asiye nayo asiguse kitu.

Kuoanisha kunataka subira. Linganisha jibu la `uname -r`, yaani toleo la kerneli inayoendesha sasa, na majina ya saraka ndani ya /lib/modules, zinakokaa moduli (draiva zikiwemo) za kila kerneli. Saraka ikiwepo, `modinfo qeth` itakuonyesha vermagic, yaani toleo la kerneli ambalo draiva ilijengewa. Mara nyingi draiva haina kosa lolote: kerneli mpya iliwekwa, zipl haikuendeshwa, mashine ikawaka na ile ya zamani ambayo moduli zake zimeshafutwa. Hapo hata njia ya kurudi nyuma haipo tena. Endesha zipl, washa upya, chai yako haijapoa.

Mimi huanza na kuoanisha. Wateja wakiwa wanasubiri foleni, narudi nyuma kwanza, usiku naoanisha.